Vyombo vya mezani vya Skandinavia vya miaka ya 1950 na 1960: kuvitambua, kuvikagua, kuvinunua na kuvitumia

Ukiishi Stockholm, Helsinki, Oslo au Copenhagen, mwezi haupiti bila kukutana na meza iliyojaa vyombo vya bibi wa mtu. Wazee huhamia nyumba ndogo, wengine hufariki, na wajukuu hawana kabati la kubeba sahani za wageni kumi na wawili. Basi vyombo vilivyokuwa fahari ya jikoni mwaka 1960 huishia sokoni. Sahani inauzwa kwa bei ya kahawa, na pembeni yake limekaa birika ambalo mkusanyaji wa Japani angelilipia bila kubishana. Kazi yako ni kujua lipi ni lipi.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kula na kunywa kwenye vyombo hivi. Anayetafuta faida ataokota mawili matatu humu, lakini ushauri wangu wote unaegemea upande wa mlaji, na kwa sababu: ndivyo vilivyobuniwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa kaskazini walijaa mijini, kwenye nyumba za jiko dogo na kabati moja. Mfini Kaj Franck, mbunifu wa kiwanda cha Arabia, akaona seti kubwa ya zamani, yenye chombo maalumu kwa kila mlo, imepitwa na wakati. Mwaka 1953 akatoa Kilta: vyombo vya rangi moja visivyo na ua wala dhahabu, vinavyopangika kimoja juu ya kingine, na vinavyouzwa kipande kimoja kimoja. Ukivunja kikombe, unanunua kikombe. Ukitaka kuchanganya bluu na njano, changanya.

Nitatumia neno Skandinavia kwa mazoea. Wanajiografia hawaihesabu Ufini humo, lakini huwezi kuzungumzia vyombo hivi ukaiacha nje.

Hatua ya 1: Chagua nakshi moja, mbili zikizidi

Anayenunua kila kinachopendeza hujikuta na kabati la vikombe visivyo na visahani. Chagua jina moja, lifahamu mpaka ulitambue ukiwa mbali, kisha ndipo utoke.

Wengi huanzia Uswidi, kwenye kiwanda cha Gustavsberg kilichoko Värmdö, nje kidogo ya Stockholm. Mtu wao mkubwa wa kipindi hiki ni Stig Lindberg, aliyeishi kuanzia 1916 hadi 1982. Nakshi yake ya Berså, majani ya kijani yaliyopangwa safu kwa safu juu ya weupe, ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1974, na leo ndiyo inayojulikana kuliko zote. Sifa hiyo imeipandisha bei. Kwa anayeanza, mimi ningetazama kazi nyingine za mkono ule ule: Adam yenye nukta za bluu, Eva yenye nukta nyekundu, Prunus yenye matunda ya bluu, au Spisa Ribb yenye mistari myembamba ya rangi nzito. Spisa Ribb hasa haina makelele, na chakula cha rangi kali kama mchuzi wa nazi wenye manjano hupendeza juu yake kuliko juu ya majani.

Kiwanda kingine cha Uswidi ni Rörstrand, kilichoanza mwaka 1726. Hapo mtafute Marianne Westman. Mon Amie yake, ua la bluu lenye petali nne, ilitoka mwaka 1952 na kupendwa kwa miongo zaidi ya mitatu. Picknick, ya mwaka 1956, ina samaki, mboga na viungo vilivyochorwa kwa mzaha kidogo. Hertha Bengtson naye alibuni Blå Eld hapo hapo, ya bluu iliyokolea yenye nakshi unayoihisi kwa kidole.

Ufini ni Arabia. Jina hilo limewafanya Waswahili wengi wapite wakidhani ni bidhaa za Ghuba. Ni mtaa wa Helsinki, ambako Rörstrand walifungua kiwanda tanzu mwaka 1873. Mbali na Kilta kuna kazi za Ulla Procopé. Ruska, ya kahawia inayobadilika kila kipande kwa jinsi moto wa tanuri ulivyoikuta, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea hadi 1999. Kwa hiyo ipo tele, haina ghali, na huvumilia matumizi. Valencia ni ya bluu ya kobalti iliyopakwa kwa mkono. Liekki ni vyungu vya kahawia vinavyobebana, na mfuniko wake ukiugeuza unakuwa sahani. Kisha kuna Birger Kaipiainen na Paratiisi yake ya mwaka 1969, yenye zabibu, tufaha na maua yaliyojaa hadi ukingoni. Anayependa khanga zenye rangi za kushiba ataielewa mara moja.

Norwe haina umaarufu wa hao, na ndiyo nafuu yake. Figgjo Flint, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1941 karibu na Sandnes, kilimwajiri msanii kijana Turi Gramstad Oliver, akatoa Lotte mwaka 1962: wasichana, ndege na maua kama ya hadithi za watoto. Porsgrund ni kiwanda cha porseleni cha tangu 1885.

Denmark ina majina mawili makubwa, Royal Copenhagen la tangu 1775 na Bing & Grøndahl la tangu 1853, lakini kwa mtindo wa katikati ya karne napenda zaidi Relief ya Jens Quistgaard, vyombo vizito vya kahawia vyenye mchoro uliochongoka, vilivyotengenezwa Kronjyden mjini Randers.

Tahadhari moja: bakuli za rangi kali zenye majani meupe yaliyochongoka, maarufu kwa jina la Lotus, si kauri. Ni chuma kilichopakwa enameli, kazi ya Cathrineholm ya Norwe. Nzuri, ila somo lake ni jingine.

Hatua ya 2: Geuza chombo kabla ya kukisifia

Kila kitu muhimu kiko kwenye kitako. Muuzaji hatashangaa ukigeuza kila sahani, atashangaa usipogeuza.

Gustavsberg wanaweka nanga. Porsgrund nao wanaweka nanga, ila yao ina herufi PP. Usione nanga ukakimbilia kulipa. Rörstrand ni mataji matatu. Royal Copenhagen ni mistari mitatu ya mawimbi, ikiwakilisha milango mitatu ya bahari ya Denmark. Bing & Grøndahl ni minara mitatu. Arabia huandika jina lake, na kwenye vipande vingi vya miaka ya 1950 juu yake kuna taji. Figgjo huandika jina lake, na kazi za Turi mara nyingi zina maneno Turi-design.

Kisha soma maandishi mengine. Ukikuta alama ya mashine ya kuoshea vyombo au ya maikrowevu, au anwani ya tovuti, chombo hicho si cha mwaka 1960, hata muuzaji aape. Glasi na uma, alama ya usalama wa chakula ya Ulaya, nayo ni ya baadaye. Hapa ndipo pa kuwa macho kuliko kwenye bidhaa bandia, kwa sababu vyombo vya bei hii ni nadra mtu kuhangaika kuvighushi. Kinachowapoteza watu ni matoleo mapya halali. Berså inatengenezwa tena. Mon Amie ilirudi mwaka 2008. Paratiisi iko madukani leo. Kilta iliacha kutengenezwa miaka ya 1970, ikarudi mwaka 1981 kwa jina la Teema, ikiwa imeimarishwa. Hakuna ubaya wowote kununua toleo jipya, na kwa kula kila siku mara nyingi ni bora kuliko la zamani. Ubaya ni kulilipia bei ya zamani.

Royal Copenhagen wana hila ya tarehe inayofurahisha. Tangu mwaka 1935 huweka kistari kidogo juu au chini ya mojawapo ya herufi za jina lao, na herufi iliyowekewa ndiyo inayokuambia mwaka au kipindi. Majedwali yake yako mtandaoni. Hifadhi moja kwenye simu. Kwenye vyombo vyao vilevile, mkwaruzo uliokatiza yale mawimbi matatu maana yake kiwanda chenyewe kilikipa daraja la pili. Kasoro huenda ni nukta ndogo usiyoiona, lakini bei lazima ishuke.

Herufi mbili tatu zilizoandikwa kwa brashi ni za mchoraji aliyeshika brashi siku hiyo, si za mbunifu. Valencia zina herufi hizo. Mtu akikuambia ndiyo sahihi ya Procopé mwenyewe, mrudishie tabasamu na sahani yake.

Hatua ya 3: Jua udongo ulioushika

Jambo hili hupuuzwa, na ndilo linaloamua chombo kitaishi vipi jikoni kwako.

Kauri ya flinti, ambayo Waswidi na Wanorwe huiita flintgods, ni udongo wenye vinyweleo uliofunikwa gilezi, yaani lile tabaka la kung'aa kama kioo. Kilta, Picknick na Lotte zimo humu. Ni nyepesi, ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti fupi, na gilezi yake hupenda kufanya mtandao wa nyufa ndogo kama ngozi ya mkono mkavu. Kupitia nyufa hizo chai na mafuta huingia ndani, na doa likishaingia humo si la kusugua.

Stengods ni udongo uliochomwa kwa joto kubwa mpaka ukafungana. Ruska na Relief ni za namna hii. Nzito, hazinywi maji, hazina makuu.

Porseleni na porseleni ya mfupa (iliyochanganywa na majivu ya mifupa) ni nyeupe na ngumu, na hulia kama kengele. Mon Amie ni porseleni. Berså ni ya mfupa: iinue kwenye mwanga, uweke vidole nyuma yake, utaona kivuli chake. Usidanganywe na wembamba. Kikombe hicho kina nguvu kuliko bakuli nene la flinti.

Hatua ya 4: Nenda panapostahili

Uswidi neno la kutafuta ni loppis, yaani soko la mitumba, liwe kwenye bango la barabarani au kwenye simu. Yapo maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani kama Myrorna, na mtandaoni kuna mnada wa Tradera. Norwe, masoko bora ya mitumba huandaliwa na bendi za muziki za shule, loppemarked, zaidi majira ya kuchipua na ya vuli. Vyombo huko vimetolewa bure na majirani, na wauzaji ni wazazi wanaotaka meza iishe kabla ya jioni. Tovuti ya matangazo ya Finn.no ni kwa walio mbali. Ufini soko la mitumba ni kirpputori, na watu husema kirppis: wengi hukodi meza kwa wiki, wakapanga vitu vyao, na malipo hufanyika mlangoni. Humo huna wa kubishana naye, lakini ukirudi siku za mwisho za ukodishaji mara nyingi bei imeshushwa. Helsinki pia kuna soko la wazi la Hietalahti. Denmark tafuta loppemarked na neno genbrug, yaani vitu vya kutumika tena.

Malipo mengi ni ya simu: Swish Uswidi, Vipps Norwe, MobilePay Denmark na Ufini. Aliyezoea M-Pesa hahitaji kufundishwa. Kwenye masoko ya wazi bado beba noti ndogo kidogo.

Ukinunua mtandaoni, jifunze msamiati wa kasoro, kwani muuzaji mwaminifu huutaja na mjanja huuficha katikati ya sentensi. Kwa Kiswidi, nagg ni kipande kilichomeguka, spricka ni ufa, hårspricka ni ufa mwembamba kama unywele, krackelerad ni ule mtandao wa nyufa za gilezi. Kidenmark na Kinorwe husema skår kwa kumeguka. Ufa ni revne kwa Mdenmark na sprekk kwa Mnorwe. Kifini: lohkeama ni kumeguka, särö ni ufa, ehjä ni kizima. Tangazo lisilo na neno lolote kuhusu hali lijibu kwa swali moja fupi, na uombe picha ya ukingo na ya kitako.

Hatua ya 5: Kagua kwa mkono, jicho na sikio

Fanya kwa mpangilio uleule kila mara, hata ukiwa na haraka, hata kama mtu nyuma yako ameshanyoosha mkono.

Anza na ukingo. Pitisha ncha ya kidole mzunguko mzima polepole, kisha ukucha. Kidole hukamata mmeguko ambao macho hayakuuona, hasa kwenye rangi nyeupe. Fanya vivyo hivyo kwenye mdomo wa birika na ndani ya mfuniko, mahali ambapo watu hawatazami.

Washa tochi ya simu uimulike kwa upande, si kutoka juu. Mikwaruzo ya visu huonekana kwa mng'ao wake na ufa huonekana kama mstari mweusi. Kwenye porseleni mulika kutoka nyuma: ufa utajitokeza wenyewe.

Weka chombo juu ya kiganja kilichofunguka, ukigonge kidogo kwa ukucha. Porseleni nzima hulia na kuendelea kulia. Iliyopasuka hutoa sauti ya kukwama, fupi na mbovu. Flinti haina mlio wa kujivunia, kwa hiyo linganisha sahani mbili za aina moja. Inayotofautiana na wenzake iache.

Tazama maungio ya mkono wa kikombe, juu na chini. Mikono ilibandikwa, na pale ndipo uchovu wa miaka 60 unapoanzia. Mkono ulioungwa kwa gundi huonekana kwa utepe mwembamba wa njano, na chini ya ukucha gundi ni laini kuliko gilezi.

Nusa. Ndiyo, nusa. Chombo cha flinti kilichokunywa mafuta ya miongo mingi kina harufu ya chumba kilichofungwa, na ukikitia chakula cha moto harufu hiyo itapanda pamoja na mvuke.

Mwisho tazama rangi. Berså iliyopita mashine ya kuoshea mara mia ina majani ya kijivu-kijani yaliyochoka. Weka kipande unachokiwazia kando ya kingine sokoni hapo hapo. Rangi iliyopauka hairudi, na kwa mkusanyaji mmeguko mdogo chini ya kitako ni kasoro nyepesi kuliko nakshi iliyofifia.

Ufa sikubaliani nao kabisa. Mmeguko unakaa ulivyo, ufa unasafiri. Siku moja utatia uji wa moto na nusu ya bakuli itabaki mezani.

Hatua ya 6: Bei na maneno ya kusema

Sipangi bei, maana hubadilika kwa mji na kwa msimu. Ila mpangilio wake haubadiliki sana. Sahani ndogo za keki na visahani ni rahisi kwa kuwa vilikuwa vingi na havikuvunjika. Vikombe hupanda. Chombo chenye mfuniko, liwe birika, bakuli la sukari au bakuli la supu, hupanda zaidi, na mfuniko ukiwa wenyewe asilia bei huruka. Kwenye Kilta kuna kijagi cha maziwa chembamba cha pembe nne, kilichobuniwa kikae kati ya vioo viwili vya dirisha ambako maziwa yalibaki baridi wakati friji hazijaenea. Ukikiona bila ufa, usizunguke soko kwanza.

Kubishana bei huko si kama Kariakoo. Hakuna kukasirika kwa mchezo wala kuondoka ili uitwe. Kusanya vipande kadhaa, uulize kwa upole bei ya vyote kwa pamoja, utaje kasoro uliyoiona bila kuipaka chumvi. Mara nyingi hiyo inatosha. Wakikataa, wamekataa. Kwenye maduka ya hisani bei kwa kawaida ni ile iliyobandikwa.

Kikombe bila kisahani kinunue ikiwa nakshi yako ni ya kawaida, kwa sababu kisahani utakipata. Mfuniko bila birika acha, isipokuwa kama una birika linalousubiri.

Hatua ya 7: Safisha bila kuharibu

Siku ya kwanza: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Gundi ya kibandiko cha bei iloweshe kwa mafuta ya kupikia, iache ilainike, uisugue kwa kidole. Kisu weka mbali.

Mistari ya kijivu unayodhani ni mikwaruzo mara nyingi ni chuma cha uma na visu kilichobaki juu ya gilezi. Changanya bekingi soda na matone ya maji upate uji mzito, usugue taratibu kwa kitambaa, na mingi itatoka. Usifanye hivyo juu ya dhahabu wala juu ya nakshi ambayo ukiipapasa unaihisi imekaa juu ya gilezi.

Madoa ya kahawia ndani ya flinti yanahitaji subira. Loweka chombo kwenye maji safi kwanza, usiku mzima, ili udongo ushibe. Kisha loweka kwenye haidrojeni peroksaidi hafifu ya duka la dawa, au kwenye maji ya moto kiasi yenye unga wa kuondoa madoa wa aina ya oksijeni, na ubadilishe maji kila siku. Doa la wastani linaweza kuchukua siku kadhaa, baya zaidi wiki kadhaa. Vaa glavu. Ukimaliza, loweka tena maji safi na ukiache kikauke kwa muda mrefu kabla ya kukitumia.

Jiki usiiguse. Klorini huingia kwenye udongo na kubaki humo, na inaweza kula gilezi kutoka chini. Wala usiweke flinti yenye madoa kwenye oveni eti doa litoke. Mafuta yatapanda juu na kutengeneza ramani mpya.

Chokaa ndani ya birika inaondoka kwa siki iliyochanganywa na maji, dakika chache tu, kisha suuza.

Hatua ya 8: Amua kipi cha chakula na kipi cha kutazamwa

Ulaya iliweka kikomo cha pamoja cha risasi na kadimiamu zinazotoka kwenye vyombo vya kauri mwaka 1984. Vyombo tunavyozungumzia vilitengenezwa kabla ya hapo. Haina maana kwamba vyote vina sumu, lakini ina maana kwamba huna cheti. Mimi hugawa hivi: porseleni nyeupe iliyo nzima, yenye nakshi chini ya gilezi au mgongoni na ukingoni tu, hutumika kwa chakula. Gilezi nyekundu, chungwa na njano kali upande wa ndani, pamoja na chombo chochote ambacho gilezi yake imechubuka au kufanya mtandao wa nyufa, havipewi vitu vichachu. Yaani achari, juisi ya ukwaju, kachumbari yenye ndimu na mchuzi wa nyanya uliolala usiku kucha vipate bakuli jingine. Na mtoto mdogo au mama mjamzito apewe vyombo vipya. Anayetaka uhakika apeleke kipande maabara, kwani vipimo vya kusugua vya dukani hutoa majibu ya kukisia.

Joto la ghafla ni adui wa vyote. Usitoe sahani kwenye friji ukaimwagia mchuzi unaochemka. Liekki na vyungu vya Terma vya Stig Lindberg vilibuniwa kuvumilia moto, lakini vimezeeka. Anza na moto mdogo na usiviweke jikoni vikiwa vitupu. Chenye dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu. Mashine ya kuoshea vyombo isahau kwa chochote chenye nakshi cha kabla ya miaka ya 1980, hata marafiki wenyeji wakikuambia wao huweka. Angalia rangi ya Berså zao.

Vikombe vya kahawa vya zama hizo ni vidogo. Kwa chai ya maziwa ya asubuhi havitoshi hata kidogo, lakini kwa kahawa chungu na kashata vimekuja mahali pake. Ruska ndiyo ninayoipendekeza kwa ugali, maharage na pilau, kwa kuwa haionyeshi madoa na bakuli zake zina kina. Sahani bapa za Berså hazifai mchuzi mwingi.

Visivyofaa kula vitundike ukutani. Sahani ya mbali kuwa pambo la nyumba si jambo geni pwani yetu: zidaka za nyumba za Lamu zilipangwa bakuli za Kichina, na makaburi ya zamani ya Kunduchi na Mambrui yamepachikwa porseleni ya China kwenye nguzo zake. Tumia kishikio chenye ndoano zilizofunikwa mpira, usitumie waya mtupu unaokwaruza ukingo. Kabatini weka kipande cha kitambaa au karatasi laini kati ya sahani na sahani, kwa sababu kitako kisicho na gilezi hukwaruza uso wa kilicho chini yake. Vikombe usivibebanishe zaidi ya viwili, na usivitundike kwa mkono.

Ukitaka kuvipeleka nyumbani

Sahani husafiri zikiwa zimesimama kwa ukingo, zimepangwa kama kaseti kwenye rafu, kila moja imefungwa peke yake. Zikilala, uzito wote hukaa juu ya ya chini kabisa. Jaza ndani ya vikombe karatasi iliyobanwa, funga mkono wa kikombe kwa utepe wake kabla ya kufunga kikombe chote, na mfuniko usifungwe ukiwa juu ya birika. Weka boksi ndani ya boksi jingine, na kati yake taulo au nguo. Kama unatuma kwa pipa pamoja na mizigo ya jamaa, vyombo vikae katikati, visiguse ukuta wa pipa, na visiwe chini ya kitu chochote cha chuma. Tikisa boksi kabla ya kulifunga: ukisikia sauti yoyote, fungua uanze upya.

Piga picha kila kipande mbele na kitako kabla ya kufunga, pamoja na kasoro zake. Picha hizo zitakufaa kwa forodha, kwa bima, na siku utakayotaka kuuza.

Ukiuza, tumia picha hizo hizo. Andika jina la nakshi, kiwanda, mbunifu, kipimo kwa sentimita na kila mmeguko ulioujua. Uza birika peke yake na sahani kwa mafungu ya nne au sita, na usichanganye toleo la zamani na jipya kwenye fungu moja, maana mnunuzi mzoefu ataligeuza kila moja kama ulivyofanya wewe.